Deni la Moshi

Katika hekaya za Abunuwasi, ambazo watoto wa pwani husimuliwa na bibi zao kabla hawajajua kusoma, imo kesi ya maskini aliyeshitakiwa kwa kosa la kunusa. Tajiri alikuwa akipika nyama nyumbani kwake. Maskini akaketi karibu, akala chakula chake kikavu huku akikiteremsha kwa harufu iliyotoka jikoni kwa tajiri. Tajiri alipopata habari akadai alipwe, kwani harufu ni ya nyama, na nyama ni mali yake. Abunuwasi akamwokoa maskini kwa hukumu isiyosahaulika: harufu ya nyama hulipwa kwa mlio wa fedha. Fedha zikalizwa, tajiri akazisikia, shauri likaisha.

Kisa hiki kimesafiri nchi nyingi. Mwandishi wa Kifaransa, François Rabelais, alikisimulia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1546. Huko mdai si tajiri bali mchoma nyama wa mjini Paris, na mdaiwa ni mchukuzi wa mizigo aliyekuja kula mkate wake mkavu penye moshi wa nyama ya kuokwa. Mwamuzi alikuwa mtu aliyejulikana mji mzima kuwa punguani, na hukumu yake ikawa ile ile ya Abunuwasi.

Wa pwani hucheka na wa Paris hucheka, na wana haki ya kucheka, kwani uchoyo umeumbuliwa mbele ya watu. Lakini kicheko hicho kimefunika jambo. Katika visa vyote viwili imesikilizwa kesi moja tu, ya mwenye nyama dhidi ya mwenye njaa. Kesi ya pili, ya mwenye njaa dhidi ya mwenye nyama, haikufunguliwa. Imethibitika kwamba maskini hakuchukua kitu. Je, imethibitika kwamba hakufanyiwa kitu? Njaa yake ilikuwa imelala, ikaamshwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuilisha. Aliyeiamsha, anadaiwa nini?

Swali hili laweza kuonekana la mzaha mpaka mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja asimame mlangoni kwake jua linapotua, na kuamua mishikaki ya usiku ule ataila wapi: Forodhani, au nyumbani kwa mkaa wake mwenyewe.

Mabishano juu ya jambo hili ni ya siku nyingi na kila upande una hoja zake. Wapenzi wa Forodhani husema kwamba mchomaji wa kila usiku ana mkono ambao mtu wa nyumbani hawezi kuupata: anajua kwa kuangalia tu kaa lililoiva na lisiloiva, na anageuza mishikaki ishirini bila kuunguza mmoja. Tena kuna upepo wa bahari, kuna watu, kuna mazungumzo. Wapenzi wa nyumbani hujibu kwamba wao wanajua nyama imetoka bucha gani na imelala viungoni muda gani. Wanajua kipimo cha tangawizi, cha kitunguu thaumu na cha ndimu. Wanajua pia kwamba papai bichi hulainisha nyama ngumu, lakini nyama ikiachwa humo kupita kiasi hulegea ikawa haina utamu wa kutafuna. Na juu ya yote hayo, kwa bei ya mishikaki michache ya kununua, nyumbani hula watu wote.

Hizi ni hoja za ulimi na za mfuko, nazo ni halali. Iko hoja nyengine ambayo haitajwi, nayo ni ya moshi.

Moshi wa Forodhani ni wa biashara. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kumbukumbu ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila jioni meza za vyakula hupangwa humo mbele ya bahari. Mafuta yanapodondoka juu ya makaa, moshi huruka na kumwita apitaye. Lakini apitaye yuko njiani. Anajua kwamba anaitwa kununua. Akitaka atasimama, asipotaka atapita. Hapana aliyemfuata mpaka chumbani kwake kumwambia kwamba leo kuna nyama.

Na aliyenunua, akishalipa, amemaliza. Hadai wala hadaiwi. Akipenda hula pale pale. Akipenda hufungiwa katika karatasi, akatia katika kikapu chake na kupita vichochoroni bila mtu kujua alichobeba. Fedha ina uwezo huo ambao aghalabu husahauliwa: pamoja na kununua chakula, hununua na sitara. Anayekula cha kununua anaweza kula peke yake na dunia isijue.

Anayechoma nyumbani hana sitara hiyo. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na jirani huongeza kimoyomoyo kwamba penye moto wa namna hii pana nyama. Katika Mji Mkongwe nyumba zimesongamana, madirisha yanatazamana, na vichochoro ni vyembamba hata watu wawili hupishana kwa kutoleana salamu. Seredani ikiwashwa uani kwa mmoja, moshi hupanda ukaingia ghorofani kwa mwengine. Tuseme huko ghorofani anakaa mjane na watoto wake watatu, na chakula chao cha usiku ni chai na boflo. Mama amekwisha kuwatuliza, wamekubali kwamba usiku ni chai. Mara harufu inaingia dirishani. Mdogo wao anauliza, "Mama, nani anachoma nyama?" Mama anajua ni nani, na mtoto naye anajua. Swali lile halikuulizwa kwa ajili ya kupata jina.

Mwenye seredani hakufanya kosa lolote kwa sheria ya mtu yeyote. Nyama ni yake, mkaa ni wake, na ua ni wake. Hata hivyo limekuwapo jambo baina yake na mtoto yule ambalo halikuwapo kabla hajapepea moto. Katika Uislamu jambo hili halikuachwa bila ya neno. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Wasia huu umepokewa katika Sahihi ya Muslim. Ajabu ya wasia huu ni wepesi wake: haumtaki mtu anunue nyama zaidi, unamtaka aongeze maji. Mchuzi hupanuka. Chungu cha watu watano kikawa cha watu wanane, na hapana aliyelala na njaa.

Lakini hapo ndipo penye ugumu wa nyama ya kuchoma. Mshikaki hauongezwi maji. Kila unaotoka nje umetoka kweli, na umepungua kwa watoto wa mwenye nyumba. Chakula kinachonukia mbali zaidi ndicho kigumu zaidi kugawanywa. Mchuzi huweza kufunikwa kwa kawa na ukagaiwa watu wengi. Nyama ya kuchoma haifunikiki wala haizidishiki. Kwa hiyo mtu mwenye insafu anaweza kuuliza: kama kila pua iliyofikiwa na moshi ina haki, kilo moja ya nyama italipa madeni ya nyumba ngapi? Na kama haiwezi kuyalipa, si bora mtu aende Forodhani, alipe, ale, anawe mikono, arudi kwake akiwa hadaiwi na mtu?

Hoja hii ina nguvu, na wako watu wema wanaoifuata. Wananunua nje si kwa uchoyo bali kwa haya, wasije wakaamsha njaa wasiyoweza kuituliza. Ni adabu ya kweli. Walakini ina hasara moja: mjane wa ghorofani hakulala na njaa pungufu kwa sababu jirani yake alikula mbali. Amestirika mlaji, mwenye njaa yuko pale pale, na sasa hapana hata moshi wa kumkumbusha mtu kwamba yupo.

Jibu lililo karibu zaidi na wasia ule limo katika mshikaki wenyewe. Nyama ya mshikaki haichomwi pande zima, hukatwa. Kilo moja ikikatwa vipande vya gramu 20, hupatikana vipande 50. Vikitungwa vitano vitano, ni mishikaki 10. Vikitungwa vinne vinne, ni mishikaki 12, na vipande viwili husalia kwa mtoto anayepepea moto. Nyama haikuongezeka hata chembe, ila imekubali kugawanyika. Kwa nyama ya kuchoma, kisu ndicho maji. Mwenye watu sita nyumbani, akitunga vinne vinne, anaweza kumpa kila mmoja mshikaki mmoja na nusu, akabakiwa na mitatu ya kupeleka juu. Hao sita hawatashiba nyama, watashiba mkate. Lakini hapana nyumba ya pwani iliyowahi kushiba nyama kwa mshikaki. Nyumba arobaini hazitalipwa. Atalipwa yule ambaye mwenye moto anajua hakika kwamba amefikiwa na ana haja. Mtu hatakiwi zaidi ya ujuzi wake na uwezo wake. Anachokatazwa ni kujifanya hajui.

Siku ya Iddi el Hajj hapana anayeuliza swali hili. Nyama ya kuchinja hugaiwa, kila ua unafuka, na moshi wa huyu humezwa na moshi wa yule. Kesi ya pili huzaliwa siku ya kawaida, siku ambayo ua mmoja tu ndio unaofuka.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni shida ya mji wenye vichochoro, na kwamba penye nafasi moshi hauna jirani. Huko Texas, Marekani, nafasi si haba, na watu wake hubishana vivyo hivyo: nyama ya moshi iliwe kwa mwuzaji au itengenezwe nyumbani? Katika mji wa Lockhart, maarufu kwa kazi hiyo, nyama hupimwa kwa uzito na kuwekwa juu ya karatasi. Mnunuzi huchukua kiasi kinachomtosha, akalipa, akaenda zake. Lakini anayetaka kuifanya nyumbani hukuta kwamba kidari kizima cha ng'ombe kina uzito wa kilo tano, sita au zaidi, na kwamba kwa sababu ya mishipa yake mingi hakilainiki ila kwa moto mdogo wa kuni, kama za mwaloni, kwa saa 12 au zaidi. Hapana anayekesha na moto usiku kucha kwa ajili ya sahani moja. Nyama ikitoka, lazima watu waitwe. Hata penye nafasi, basi, moto wa nyumbani haumwachi mtu peke yake, na cha kununua humwachia hiari ya kuwa peke yake.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba anunuaye amesalimika kabisa. Yuko mtu mmoja Forodhani ambaye kila usiku hufikiwa na moshi kuliko jirani yeyote, naye ni mchomaji. Husimama juu ya makaa mpaka usiku mkubwa, macho mekundu, nguo zikinuka moshi hata zikifuliwa. Bei ya mshikaki hulipa nyama, mkaa na jioni yake, hailipi macho. Mnunuzi anayetupa fedha mezani bila salamu, au anayevutana naye kwa shilingi mia huku nyuma yake watu wanangoja, amechukua zaidi ya alicholipia. Deni hili halimaliziki kwa fedha, maana lau fedha ingelitosha, mlio wake ungelitosha pia, na hukumu ya Abunuwasi isingelikuwa kichekesho. Humalizika kwa heshima: kumwamkia, kungoja zamu, kumwombea heri, na kumjua kwa jina mtu anayekulisha.

Laiti kesi ya pili ingefunguliwa mbele ya Abunuwasi huyo huyo, hukumu isingekuwa ngumu kwake. Angesema kwamba harufu imelipwa kwa mlio, na hapo wamelingana, kwa kuwa vyote viwili hupita hewani. Lakini njaa iliyoamshwa haiko hewani, iko tumboni, na cha tumboni hulipwa kwa kinachoingia tumboni.

Kwa hiyo mtoto anayepepea moto na ale vipande vyake viwili, kisha anawe, achukue sahani iliyofunikwa, apande ngazi kabla wa nyumbani hawajaanza kula, abishe hodi. Atasema, "Shikamoo, bibi. Mama amesema mwonje." Hatasema ni sadaka wala hatasema ni haki. Na kwa mila ya pwani sahani ile haitarudi tupu. Siku mbili au tatu baadaye itateremka na vitumbua vinne, au ndimu, au fungu la mchicha, na kwa hivyo deni, badala ya kwisha, litakuwa limehamia upande wa pili.

Fedha humaliza deni, na mara nyingi huo ni wema wake. Lakini watu waliomalizana kabisa hawana sababu ya kubishiana hodi. Ujirani huishi kwa sahani inayopanda na kushuka, na kila inapofika hukuta kuna mtu bado anadaiwa.