Mondo Katika Chai Iliyopogolewa

Julai hapa Chepseon ukungu hukaa mpaka saa nne. Baridi huifanya chai ichipue polepole, kilo kwenye kituo cha majani hupungua, na wengi wetu hutumia nafasi hiyo kupogoa. Nimepogoa kipande cha chini, kinachopakana na kijito. Matawi nimeyalaza pale pale yaoze, na panya wamehamia humo na vizazi vyao.

Nyuma yao amekuja mondo.

Nilimwona kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimeshika ndoo ya maziwa. Miguu mirefu, manyoya ya manjano yenye madoa meusi yamelowa umande, masikio makubwa yameelekea chini. Hakuwa akimtafuta panya kwa macho, alikuwa akimsikiliza. Vidole vyangu vikafa ganzi kwenye mpini wa ndoo, nisithubutu kuitua. Ghafla akaruka juu, akajikunja hewani, akashuka kwa miguu ya mbele yote miwili. Akakosa. Akajilamba bega, akasogea hatua tatu, akaanza kusikiliza upya.

Watafiti waliowafuata mondo wa kreta ya Ngorongoro waliona kwamba takriban nusu ya miruko yao huambulia kitu. Nusu! Na huyu ni hodari katika jamii ya paka. Mimi mwaka mmoja mbaya wa bonasi ya chai uliwahi kunifanya nitake kung'oa shamba zima.

Wiki iliyofuata kuku wangu mmoja akatoweka. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mama, tia dawa kwenye nyama uiache njiani." Naelewa uchungu wake, amepoteza vifaranga wengi. Lakini sumu haichagui. Itamuua mondo, na kanu wa usiku, na nguchiro, na mbwa wa watoto, na mwewe atakayeokota mizoga. Tena ni mzee huyu aliyewafundisha wanangu kwamba kila ukoo wa Kipsigis una tiondo, mnyama wake wa kuheshimiwa.

"Mzee, niache kwanza nitengeneze banda," nikamjibu. Waya na fundi vimenigharimu, sikatai. Kuku sasa hufungiwa kabla jua halijazama.

Leo alfajiri nimemkuta mzee kwenye ua wake, koti limefungwa mpaka shingoni, ananiashiria kwa mkono ninyamaze. Mondo alikuwa katikati yetu, masikio chini.