Kujenga na Kuwa Anajenga

Sarufi ya Kiingereza humtaka msemaji achague kati ya maumbo mawili yanayoelekea kusema jambo lilelile: njeo ya kuendelea, yaani umbo linalofunga tendo na wakati na mtendaji wake, kama "he is building", na kitenzi-jina cha kuendelea, yaani umbo linaloonyesha tendo likiwa njiani bila kumtaja mtendaji, kama "to be building". La kwanza ni ushahidi, kwa kuwa anayelitamka aweza kuulizwa kama asemalo ni kweli. La pili haliwi kweli wala uongo mpaka litanguliwe na kitenzi kingine, kama vile "anadai" au "anaonekana", nacho ndicho kinachobeba dhamana.

Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi hiyo yote. Kitenzi-jina "kujenga" kipo, na jina la Majengo, kata ya mjini Sumbawanga, limetoka katika mzizi huohuo likiwa limeacha nyuma mtendaji na wakati. Lakini kuendelea kukitakiwa, husemwa "kuwa anajenga", na kiambishi cha nafsi "a-" hurudi mahali pake. Hata mtu akifichwa, "panajengwa", mahali penyewe hushikwa badala yake.

Sasa lichukuliwe boma lililofikia lenta, majani yameota vyumbani, matofali ya kuchoma yamepangwa pembeni, fundi hajaonekana tangu mvua za mwaka juzi, na mwenye kiwanja yuko Tunduma kwenye biashara zake. Majirani husema "anajenga", wala hawadanganyi. Aristotle, katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, alitenga tendo lililo kamili kila wakati na mwendo unaongoja mwisho wake: anayeona ameshaona, ila anayejenga bado hajajenga. Kumbe jirani hashuhudii mkono wa fundi, bali nia ya mtu, na nia haionekani. Kiingereza kingejihadhari hapo kwa kusema "he is said to be building". Hadhari hiyo ni ya haki, ingawa humpa jirani njia ya kusema jambo bila kulisimamia.

Ugumu huu huzidi katika dini. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasali bila kukoma, na Origen wa Aleksandria, katika risala yake ya karne ya 3 juu ya sala, alieleza kwamba maisha yote ya mtakatifu ni sala moja kubwa, na kile kinachoitwa sala kwa kawaida ni sehemu yake tu. Kwa maelezo hayo, mkulima wa Ufipa anayefukia nyasi ndani ya matuta aweza kusemwa kuwa anasali, midomo yake ikiwa imefungwa, kama vile mtu wa Tunduma anavyosemwa kuwa anajenga. Ila jirani huanza kusema "alikuwa anajenga" siku anapoona matofali yakipakiwa kwenye gari la mnunuzi. Kwa mwenye kusali, hakuna gari la namna hiyo la kuangalia.