Mdhamini wa Ubatizo Aandikwe Wapi?

Tarehe 23 Machi 1685, katika Kanisa la Mtakatifu Georg mjini Eisenach, Ujerumani, alibatizwa Johann Sebastian Bach. Wadhamini wake walikuwa Sebastian Nagel na Johann Georg Koch. Majina ya mtoto yalitoka kwao. Mwaka 1714 mwanawe, Carl Philipp Emanuel, alidhaminiwa na mtunzi wa muziki Georg Philipp Telemann.

Leo mtu akiuingiza ukoo huo katika programu ya kompyuta, wazazi na watoto hupata nafasi mara moja. Telemann hakuwa ndugu wa damu. Je, aachwe?

Wako wasemao kwamba ukoo ni damu tu. Lakini mume na mke nao hawaungwi na damu bali na ahadi, wala hakuna anayewaacha nje. Mdhamini naye aliahidi mbele za Mungu kumwombea mtoto na kusaidia kumlea katika imani. Kumwacha ni kuihesabu ahadi ile kuwa si kitu.

Hata hivyo, tusimgeuze kuwa mjomba. Ukweli wataka aandikwe kama alivyokuwa. GEDCOM, mfumo wa kubadilishana kumbukumbu za koo, katika toleo la 7.0 la mwaka 2021 una alama ya mdhamini na ya shahidi, nazo huweza kufungwa kwenye tukio lenyewe la ubatizo. Hapo ndipo mahali pake.

Basi uandikapo ukoo wako, usiishie kwenye majina ya wazazi. Soma cheti cha ubatizo hadi mstari wa wadhamini, ili mjukuu akiuliza ni nani aliyeahidi kumwombea babu yake, apate jina.