Kwa Nini Kijana Asafiri kwa Kiasi?



Siku hizi vijana wengi wa hapa Mwanza hupenda kuitembelea nchi yao. Huvuka kwa boti kwenda Saanane, kisiwa ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, na wenye nauli hufika hata Rubondo. Jambo hili ni jema. Lakini safari huchoma mafuta, na moshi wake una hewa ya ukaa, ambayo huongeza joto la dunia. Ndege huchoma mafuta mengi zaidi kwa kila abiria kuliko basi lililojaa. Basi twajiuliza: ni nini kitakachomfanya kijana achague njia yenye moshi mdogo?

Wengine husema ni umaskini tu. Kijana hupanda basi kwenda Dar es Salaam kwa kuwa hana nauli ya ndege. Ni kweli, lakini kukosa si wema. Siku atakapopata mshahara ndipo tutakapoujua moyo wake. Wengine hufanya hivyo ili wapige picha na kusifiwa na rafiki zao. Sifa nazo hazidumu. Watazamaji wakiondoka, nia nayo huondoka.

Tusizidharau sababu hizo, maana mtu aweza kuanza kwa sababu ndogo akafikia iliyo kubwa. Lakini sisi twaona kwamba sababu idumuyo ni upendo, na upendo huanza kwa kufahamiana. Kijana aliyekaa na wavuvi, akasikia jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 2020 na kuingia katika nyumba za watu, hataiona safari yake kuwa shauri lake peke yake. Hatusemi kwamba kila mafuriko huletwa na moshi. Ziwa lilipanda sana hata mwaka 1964. Twasema kwamba amjuaye jirani yake huogopa kumwongezea mzigo.

Na sisi wazee je? Twawahubiria vijana, huku mmoja wetu huja ibadani peke yake katika gari la viti vitano. Kijana hasikilizi midomo yetu tu, hutazama na nyayo zetu. Basi Jumapili ijayo mwenye gari ampitie jirani yake. Hapo tutakapowaambia vijana wetu wasafiri pamoja katika basi moja au boti moja, watatusikia.