Mcheza Ugenini na Haki ya Karo

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Achezaye mbele ya watu wake hapotezi jasho lake, kwa kuwa watazamaji wamjua, nao watamtunza kwa fedha na vigelegele. Juu ya mcheza ugenini wahenga hawakutuambia neno. Lakini katika zama zetu uchezaji umekuwa elimu yenye shule, walimu na mitihani, na vijana huvuka bahari kuifuata. Huko hawatunzwi, wao ndio hutakiwa kutoa, tena kabla ya kuinua mguu. Basi yatupasa tujiulize: Karo hununua nini? Asiyekipata alichokilipia ana haki ya kurudishiwa fedha zake? Na aliyesomeshwa kwa hisani ya watu ana deni gani?

Nilianza kuyafikiri maswali haya kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani petu. Binti mmoja alikubaliwa katika shule ya dansi ya ng'ambo. Baba yake hakuwa na uwezo, kwa hiyo tukafanya harambee. Mwenye duka alitoa, msukuma mkokoteni alitoa, nami nikatoa kidogo nilichokuwa nacho. Karo ya muhula wa kwanza ikapelekwa. Baada ya majuma machache binti akanyimwa viza. Tulipoiandikia shule, jibu lilikuja kwamba sheria yake, ambayo baba alikwisha kuitia sahihi, haikuruhusu kurudishwa zaidi ya nusu ya fedha.

Mtaa mzima ulisema kuwa huu ni wizi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa. Lakini hasira si hoja. Mwamuzi wa haki husikiliza pande mbili.

Upande wa shule una la kusema. Dansi haifundishwi kwa umati. Mwalimu hana budi kuliona goti la kila mwanafunzi, mgongo wake na unyayo wake, kwani kosa lisiloonwa mapema huota mizizi mwilini na huweza kuleta jeraha. Kwa sababu hiyo nafasi ni chache. Tena sakafu lazima iwe ya mbao inayobonyea kidogo, ili viungo visiumie katika kuruka. Na mpiga piano au mpiga ngoma hulipwa kwa kila somo, wawepo wanafunzi kumi au tisa. Nafasi aliyopewa binti yetu alinyimwa mtu mwingine, na muhula ukiisha kukaribia si rahisi kumpata wa kuijaza.

Basi shule ilipata hasara, na mwenye hasara ana haki ya kufidiwa. Lakini hasara ni kitu kinachohesabika. Kinachozidi hasara si fidia tena. Ni faida iliyochumwa katika msiba wa mwingine. Naona yafaa kutenga hali tatu. Mwanafunzi akibadili nia kwa hiari yake, ni haki abebe sehemu kubwa ya mzigo. Akizuiwa na jambo lisilo mkononi mwake, kama ugonjwa au kunyimwa viza, mzigo ugawanywe, na shule isishike zaidi ya kile ilichopoteza kwa kweli. Shule yenyewe ikivunja ahadi, irudishe yote. Ama kuhusu sahihi, ni kweli kwamba mtu hufungwa na neno lake. Lakini mwenye kuandika sheria naye afungwa na wajibu wa kuieleza wazi, hasa kwa mzazi anayeisoma katika lugha ya kigeni huku matumaini yamemjaa kifuani.

Liko pia swali la mgeni kutozwa zaidi ya mwenyeji. Vyuo vikuu vya Uingereza, kwa mfano, vilianza mwaka 1967 kuwadai wanafunzi wa nchi nyingine karo kubwa kuliko ya wenyeji. Sababu itolewayo ni kwamba mzazi mwenyeji amekwisha kulipa kwa njia ya kodi. Sababu hiyo ina uzito. Hata hivyo, kipaji hakiulizi kodi kililipwa wapi, na shule inayofungulia matajiri peke yao hatimaye hukosa wachezaji bora. Ndipo unapoingia ufadhili wa masomo.

Tazama mfano wa Carlos Acosta, aliyezaliwa Havana, Kuba, mwaka 1973. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Serikali ilifundisha uchezaji bila karo, na mwaka 1990 kijana huyo alishinda nishani ya dhahabu katika mashindano ya Lausanne, Uswisi. Laiti mlango ungefunguliwa kwa fedha tu, dunia isingemjua. Lakini ufadhili nao una udhaifu wake. Mwaka 1977 Rais Senghor wa Senegali na Maurice Béjart walianzisha mjini Dakar shule iliyoitwa Mudra Afrique, chini ya uongozi wa Germaine Acogny. Senghor aliacha urais mwishoni mwa mwaka 1980, na mwaka 1982 shule ikafungwa. Kinachosimama kwa mkono wa mwingine huanguka mkono huo ukiondolewa. Kwa hiyo tusiidharau karo: katika shule nyingi ndiyo mguu wao wenyewe wa kusimamia.

Sasa mfadhiliwa ana deni gani? Wako wasemao hana, kwa kuwa zawadi si mkopo. Wako wasemao mfadhili ni bwana wake. Wote wamepotoka. Katherine Dunham, Mmarekani mweusi, alipewa fedha za mfuko wa Rosenwald mwaka 1935 akasome ngoma za visiwa vya Karibi. Alikwenda Jamaika na Haiti, akajifunza kwa wenyeji, kisha akafungua shule mjini New York na kuwafundisha wengine. Acogny naye alijenga kijijini Toubab Dialaw shule inayowapokea wachezaji wa nchi nyingi za Afrika. Deni la elimu halirudi nyuma kwa aliyetoa. Huenda mbele kwa ambaye hajapata.

Nusu ile ya karo ilipofika, baba wa binti aliileta yote mkutanoni, ingawa hapana aliyejua kiasi chake isipokuwa yeye. Majina ya waliochanga yakasomwa. Msukuma mkokoteni aliomba chake, akapewa, wala hapana aliyemlaumu, maana mwanawe alikuwa mgonjwa. Waliobaki tulikubaliana fedha zikae kwa ajili ya kijana mwingine wa mtaa aliyekwisha kupata nafasi ya masomo. Binti aliulizwa, naye akaridhia, ingawa macho yake hayakuwa makavu. Siku ile niliona haya kwa kelele zangu za kwanza. Niliitaka shule ya mbali itende haki, na sikuwa nimejiuliza kama sisi tungeitenda fedha zikiwa mikononi mwetu.

Nawe msomaji, huenda siku moja ukalipiwa karo na watu usiowajua wote kwa majina. Soma kila sharti kabla ya kutia sahihi, dai haki yako kwa adabu ukidhulumiwa, na ufahamu kwamba ndani ya kila hatua utakayopiga limo jasho la mtu. Mcheza ugenini hutunzwa kabla ya kucheza. Ndiyo maana kazi yake huwa nzito kuliko ya mcheza kwao: hana budi kuustahili utuzo alioupokea mapema.