Serikali, Misheni na Deni la Mgonjwa

 

Ndugu zetu Waislamu, liko suali ambalo katika mabaraza yetu wengi hulijibu kwa ukali na wachache kwa ilimu. Suali lenyewe ni hili: Ipi iliyo bora kwa mgonjwa, hospitali ya serikali au hospitali ya watu wa dini? Na je, yatupasa sisi nasi tujenge yetu, kama walivyojenga wamisheni? Twapenda kulitazama jambo hili kwa uadilifu, kwani katika Suratul-Maida tumeamrishwa kwamba kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kuwafanyia haki.

Kwanza tuondoe shubuha moja. Wako wanaoona haya, na hata dhambi, kumpeleka mgonjwa kwa tabibu asiyekuwa wa dini yetu. Hawa wamesahau kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimkodi Abdalla bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye siku hizo alikuwa katika dini ya Makureshi. Alimpa roho yake na roho ya Abubakar. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, ambaye wanazuoni wamekhitilafiana hata juu ya kusilimu kwake. Kinachotakiwa kwa tabibu ni ujuzi na uaminifu.

Sasa tuje kwa serikali. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilifuta ada kwa wagonjwa wasiolazwa, na watu wakafurahi. Disemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Juni 2013 zikafutwa tena katika dispensari na vituo vya afya, na akina mama wakaambiwa wazae bila ya kulipa. Mwaka huo huo hospitali zikatiwa mikononi mwa serikali za kaunti. Bima ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo imeondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pamekaa SHA. Msomaji ataona kwamba mlango huu hufunguka na kufungwa kwa kadiri ya fedha na siasa. Madaktari waligoma siku mia kamili, tangu Disemba 2016 mpaka Machi 2017, na haikupita miezi mitatu wauguzi nao wakagoma kwa muda wa miezi mitano. Wenye mali walikwenda kwengine. Maskini walibaki majumbani na maradhi yao.

Lakini tusiwe wakosefu wa shukrani. Chanjo za watoto zinazofika mpaka Kiunga na vijiji vya Mto Tana, kupiga vita malaria, kuchunguza kipindupindu kinapoingia: hayo hayafanywi na msikiti wala kanisa, na hayatafanywa. Ni kazi ya dola, na kila alipaye kodi ana haki ya kuidai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeifanya afya kuwa haki ya mtu, na imekataza mgonjwa wa dharura kunyimwa matibabu. Basi asemaye tuiachie serikali ishindwe, sisi tuna yetu, hajui asemalo.

Ama wamisheni, twawajua sisi watu wa pwani tangu zamani. Hospitali ya St Luke's iko Kaloleni, karibu na sisi, na bara ziko Kikuyu, Kijabe na Tenwek. Wazee wetu waliogopa kwamba mgonjwa ataingia na homa atoke na dini nyingine, na khofu hiyo haikuwa bure, kwani dawa na mahubiri vilikuwa vikitolewa pamoja. Lakini wakati wa migomo ile milango yao ilikuwa wazi, na Waislamu wengi walihudumiwa humo kwa heshima.

Siri yao ni nini? Wengi wetu hudhani ni pesa za Ulaya. Pesa zilikuwako, na siku hizi si kama zamani, ndipo nao wanatoza ada, na anayekosa hupata dhiki kwao kama kwengine. Siri yao ni nidhamu ya hisabu. Mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti, ambao katika itikadi wana ugomvi wa karne nyingi, walishirikiana kuanzisha shirika moja la kununua na kugawa dawa, liitwalo MEDS, ili zipatikane nzuri na kwa bei nafuu. Sisi tuliokubaliana juu ya Mungu, Mtume, Kitabu na Kibla, tungali twabishana juu ya kuandama kwa mwezi.

Na haya tuliyoyaona kwao ni mali yetu iliyopotea. Sultani Qalawun alipata maradhi ya tumbo akiwa Sham, akatibiwa katika hospitali ya Nuruddin iliyokuwako Damascus tangu mwaka 1154. Akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Mwaka 1284 ikasimama hospitali yake Cairo, kwa tajiri na maskini, wanaume na wanawake, na wakfu wa maduka na nyumba ukilipia dawa, chakula na mishahara. Ibn al-Nafis, tabibu mashuhuri, aliiachia nyumba yake na vitabu vyake. Angalieni vizuri: sultani hakujenga jengo peke yake, bali alijenga na pato lake. Jengo lisilokuwa na pato huwa duka, hata likiandikwa Bismillahi mlangoni.

Kwa hivyo wanaotuhimiza tuchange kwa ajili ya hospitali kubwa yenye jina la Kiislamu, twawauliza: baada ya kufunguliwa, mgonjwa asiyekuwa na kitu atalipiwa na nani? Ikiwa hakuna jawabu, tutakuwa tumemwongezea maskini mlango mmoja zaidi wa kufukuzwa.

Liko jambo jepesi kuliko hilo na lenye thawabu, na lawezekana Ramadhani hii. Mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilihukumu kwamba kumzuilia mama aliyekwisha kuzaa kwa sababu hana pesa ni kinyume cha Katiba. Juu ya hukumu hiyo, deni halifutiki, na wapo waliouza kiwanja ili walilipe. Mtu huyu ana jina katika Kurani. Suratut-Tawba imetaja watu wanane wanaostahiki zaka, na mmoja wao ni mwenye deni. Aliyekopa kwa haja ya halali, deni likamfikia na hawezi kulipa, ana fungu lake kwa sharia, wala si hisani. Na katika madhihabi yetu ya Shafii yafaa fungu hilo alipwe mdai mwenyewe, maadamu mdaiwa ameidhinisha. Basi kila mtaa na uweke watu watatu waaminifu, waende wodini, waulize ni nani aliyepona na hawezi kutoka.

Jambo la pili ni la mabinti zetu. Twalalamika kwamba wake zetu hufunuliwa mbele ya wanaume wakati wa kuzaa, na malalamiko ni ya haki. Lakini baba huyo huyo, binti yake akitaka kusomea ukunga katika chuo cha utabibu hapa Mombasa, humwambia kwamba kazi ile ya usiku haifai. Mkunga Mwislamu atatoka wapi?

Pia tumeulizwa: na jirani asiyekuwa Mwislamu, naye kazuiliwa kwa deni? Kwa wanazuoni wetu zaka hapewi, lakini sadaka ya suna hapana makatazo, na wakfu pia wafaa. Bibi Safiyya, mke wa Mtume, imepokewa kwamba alimwekea wakfu ndugu yake aliyekuwa Yahudi. Kwa hivyo ziwekwe daftari mbili, moja ya zaka na moja ya sadaka na wakfu, zisichanganywe, na zisomwe msikitini kila mwisho wa mwezi mbele ya waliotoa.