Hofu ya Dawa ni ya Nani?

Huenda nyumbani kwako kuna karatasi ya daktari iliyokunjwa ikawekwa mahali, na hakuna anayeitaja. Kwetu ilikaa ndani ya kitabu cha nyimbo majuma matatu. Mke wangu ameniruhusu nieleze.

Baada ya mazishi ya mama yake, huzuni haikumtoka. Miezi ikapita. Akawa anaamka saa tisa usiku asilale tena, chakula hakipiti, nguo chache anazifua asubuhi nzima. Tulidhani ni msiba tu. Daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa, uitwao sonona, akampa amitriptilini, dawa ya miaka mingi. Mdomo ukamkauka, choo kikawa kigumu, akasinzia mchana kutwa. Akaiacha. Ndipo daktari akamwandikia nyingine, fluoksetini. Kwetu ilikuwa ngeni, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2007.

Aliyekataa ni mimi. Nilikuwa nimesikia kwamba dawa hizi humgeuza mtu zezeta. Tena nilikuwa na ushahidi: ile ya kwanza si ilimtesa? Nikamwambia, "Mama watoto, tungoje kwanza." Nilijiona mume mwema anayemlinda mkewe. Usiku mmoja akanijibu, "Baba, wewe unaogopa nitakavyokuwa. Mimi naogopa nilivyo."

Sikulala. Mimi mzima nilikuwa nikiipima dawa kwa afya yangu mwenyewe, na kwa mizani hiyo dawa yoyote itaonekana mbaya. Mgonjwa anaipima kwa usiku wake. Kukataa dawa nako ni kuchagua, na kuna madhara yake, ila hayo hayaandikwi kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti. Sonona humwondolea mtu usingizi, kazi, furaha ya watoto wake, na wengine hata hamu ya kuishi. Nilikuwa nimehesabu upande mmoja tu.

Sisemi hofu ni upumbavu. Fluoksetini yaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na wasiwasi siku za kwanza. Mara nyingi hayo hupungua, lakini nafuu yenyewe huchukua majuma kadhaa. Taabu hutangulia faida, ndiyo maana wengi huachia njiani. Vijana wasiofika miaka 25 waangaliwe sana mwanzoni, maana mawazo ya kujiua yaweza kuzidi. Na yakimjia mtu wa umri wowote, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Liko pia lile tunaloona haya kulitaja. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Namjua mume aliyeshuku kwamba mkewe ana mwingine, kumbe ni tembe alizokuwa akizimeza kwa siri, amezificha kwenye mkebe wa majani chai. Je, mama yule alikosea? Simlaumu sana, kwa kuwa alijua zingetupwa chooni. Hata hivyo, ndoa yao iliingia shaka isiyo na sababu. Kwa maoni yangu mwili ni wa mgonjwa, na neno la mwisho ni lake. Lakini habari ni ya wote wawili.

Wapo watakaouliza kuhusu imani. Wasome Yoshua bin Sira, sura ya 38. Sala na tabibu wamo katika sura moja.

Basi nendeni kwa daktari pamoja. Mtajieni dawa nyingine zote, hata mitishamba, na mwambieni kama mgonjwa au mtu wa ukoo wake amewahi kupatwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Na dawa isiachwe ghafla. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Mke wangu alianza siku ya Jumatatu. Tumbo lilimchafuka majuma mawili, nikawa mpishi wa uji. Kila jioni nilimwuliza, "Leo dawa imekufanyaje?" nikajifunza kungoja jibu. Lile jambo la chumbani nalo lilitupata. Tulimweleza daktari, mimi nikitazama sakafu, naye akapunguza kipimo.

Juma la sita, asubuhi, nilisikia sauti uani. Alikuwa akigombana na jirani juu ya kuku walioingia kwenye sukuma yetu. Nilisimama mlangoni nikisikiliza, wala sikutoka kuwaamua.